Baridi Ambayo Sylvain Hakuijua

Mwaka 2014, tangu baridi ya Mei ianze kutua Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Sylvain Lwaboshi alikuwa akiota namba. Zilimjia zimepangwa safu kwa safu, naye akipita katikati yake taratibu kama mtu anayekagua maharage ya mamake kule milimani juu ya Bukavu, Kongo, ukungu wa ziwa ukimlowesha miguu. Upande wa kulia namba zilikuwa zimejaa. Upande wa kushoto ulikuwa ukungu mtupu, na ndani yake kuna mtu anaita. Akizinduka, kumbe ni mkewe Capitoline, anamwambia aache kusemasema, mtoto tumboni anashtuka.

Usimcheke. Namba zenyewe zilikuwa za kweli. Sylvain alikuwa fundi umeme wa magari katika gereji moja ya Kanengo, mjini Lilongwe, na Oktoba iliyopita alikuwa ameifungia Hiace ya Pasta Honoré kompyuta mpya ya injini, ile ambayo fundi huifundisha mwenyewe kwa laptop: maji ya injini yakiwa na joto hili, mwaga petroli kiasi hiki. Lakini mtu wa kambini aombe kwanza ruhusa ya kutoka, kisha atafute usafiri. Akifika Kanengo, jua liko utosini. Gari alilijua la saa sita mchana tu. Namba za baridi alizijaza kwa kukisia, jasho likimdondoka puani, akaridhika kabisa. Binadamu aliyeshiba hawezi kukumbuka njaa vizuri, na Sylvain siku ile alishiba joto.

Juni ilipofika, gari likagoma kuwaka alfajiri. Hilo lisingemkosesha usingizi, ila Moïse, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alikuwa amesema huyu wa pili asijaribiwe kambini. Azaliwe hospitali kubwa ya Lilongwe. Gari la kumpeleka Capitoline lilikuwa hilo hilo la Pasta. Sylvain aliogopa, tena sana.

Akaomba Hiace ilale mlangoni kwake. Injini hupimwa ubaridi mara moja tu kwa siku: ukishaiwasha imepata joto, ungoje kesho. Basi kila kulipokucha alifungua laptop magotini, akatazama, akawasha. Ajabu, gari liliitika vizuri. Ajabu zaidi, kioo cha laptop kilisema maji yana nyuzi ishirini na saba, na huku yeye hasikii vidole vyake. Akadhani kipima joto kimekufa. Akanunua kingine Kanengo. Ishirini na saba. Capitoline alimtazama akihangaika, akaendelea kukoroga uji.

Jumamosi moja gari lililala kanisani, kwaya isafiri mapema kwenda kuimba Chinsapo. Asubuhi likakohoa, likanyamaza. Wanakwaya wakalisukuma na sare zao nyeupe, na mwenye sauti ya nne akauliza kwa upole kama fundi naye atasukuma au ataongoza wimbo. Sylvain alitamani ardhi immeze.

Kesho yake, gari likiwa limerudi mlangoni kwake, aliamka kabla ya kawaida. Kitandani hakuna mtu. Nje, katika ukungu, alimwona mkewe amechuchumaa na tumbo lake lote, akivuta mbaula, jiko la makaa, kutoka chini ya injini.

"Mama Moïse! Moto chini ya petroli?"

"Nilifunika na majivu. Kila siku nafunikaka." Hakuona hata haya. "Mugeni atalala inje na hii baridi, bila moto?"

"Ile si mugeni, ni motokari! Inapasa isikie baridi, ndiyo nijue inaomba nini. Sasa inanidanganya."

"Na siku yangu ikifika, ikatale kuwaka? Nizalie kwa njia?" Akaiweka mbaula chini. "Mi sitaki namba, Baba Moïse. Mi nataka iwake."

Sylvain akakaa chini palepale, kwenye vumbi lenye umande. Hasira ilimtoka. Alikuwa amefikiri hofu ile ni yake peke yake.

"Tuiache isikie baridi," alisema hatimaye. "Nipe siku kumi."

"Siku kumi. Na mi nitaikala ndani wakati unawasha."

Zikawa asubuhi za ajabu, tamu. Capitoline kajifunga blanketi kiti cha mbele, pumzi yake ikichora wingu kwenye kioo. Sylvain kando yake anabadilisha namba moja, anawasha mara moja, basi. Petroli ikipungua, injini inakohoa. Ikizidi, plagi zinalowa. Wakati mwingine walisinzia wote wawili injini ikinguruma chini ya viti, na moshi wa nyumba za jirani ukipanda juu polepole. Wakafika nyuzi kumi na mbili, kumi, tisa. Chini ya tisa Dzaleka haikuwapa, na siku zikaisha.

Uchungu ukaja alfajiri ya baridi kuliko zote. Laptop ilionyesha nyuzi sita. Namba ya sita hakuwahi kuijaribu. Aliiandika kwa kufuata namba zilizo jirani nayo, akaiombea. Akataka kuigusa tena kwenye laptop.

"Funga ordinateri," alisema Capitoline, ameuma blanketi. "Washa."

Akawasha. Likakohoa mara moja. Likashika, likatulia, likanguruma sawasawa kama mchana wa Oktoba. Wakateremka hadi Lilongwe jua likichomoza, na saa nne msichana akatolewa salama.

Jioni, mkewe alipoweza kuongea, Sylvain alishindwa kuficha. Akainama sikioni pake.

"Mama Moïse, ile namba ya leo nilikisia tu."

"Nilijua. Nilikuona unaiombea."

"Sasa juu ya nini ulikubali niwashe?"

Capitoline alifumba macho. "Juu ni we uliiandika."