Niliyoiita Sahihi Ilikuwa Wakfu

Admin nifiche, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wako humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa Msambweni. Wazazi wangu ni watu wa bara waliohamia mashamba ya huku, nami nilisilimu nilipoolewa. Kazi yangu ni kuuza vitabu vikuukuu mtandaoni. Nachukua vile wageni wanavyoacha kwenye nyumba za kupangisha Diani, vingine nanunua Ukunda, napiga picha, naposti. Watu hunicheka eti nauza karatasi za kufungia maandazi. Lakini wanaokusanya vitabu vya zamani wapo, na kikiwa na sahihi ya mwandishi wanakigombania.

Mwezi uliopita baba mkwe alilazwa. Nikaingia kusafisha chumba chake, nikakuta chini ya kitanda kitabu cha dini cha herufi za Kiarabu, jalada limeliwa na wadudu. Ukurasa wa kwanza una mistari mitatu ya wino, imeandikwa kwa mkono. Mimi herufi zile sizijui. Sala nimezihifadhi kwa kusikia, na miaka sita hii msahafu naufungua mbele ya watu nikichezesha midomo tu. Nikaona haya kumuuliza mume wangu, nikajiambia hii ni sahihi. Nikaposti: "Nadra sana, kimetiwa sahihi na mwandishi mwenyewe." Siku ya pili kilikuwa safarini kwenda ng'ambo.

Baba mkwe akarudi. Hata chai hajamaliza, akaniita.

"Mwanangu, kile kitabu changu cha chini ya kitanda ki wapi?"

Nikamuuliza kwani kina nini.

"Babu yangu aliandika pale mwanzo kwa mkono wake, kwamba ni wakfu wa msikiti. Hakiuzwi, hakirithiwi. Mimi nimekaa nacho kama amana tangu msikiti ulipobomolewa ujengwe upya. Sasa umekwisha, na mimi sina siku nyingi. Nataka nikirudishe ningali hai."

Jamani, nikaongopa. Nikamwambia nimekipeleka kwa fundi akitie jalada jipya. Mzee akainua mikono, akaniombea dua. Akamwambia mume wangu, "Huyu si mkwe, Mungu amenipa binti." Nilikwenda chooni nikalia.

Nimemwandikia mnunuzi, nimemlilia, nimemweleza kwamba ile si sahihi, ni wakfu. Akajibu basi ndiyo kwanza kimezidi thamani, hakirudi.

Ijumaa hii wazee wa msikiti wamealikwa waje kukipokea. Kila asubuhi mzee ananiuliza fundi amefikia wapi, nami nadanganya tena. Mume wangu hajui lolote. Nikisema kweli, naogopa nitamuua kwa uchungu. Nikinyamaza, atakwenda mbele ya Mola na deni ambalo nimemtwika mimi, huku bado ananiombea dua.

Nishaurini, na matusi yenu nitayapokea: nianze kumwambia nani, na nianze kwa neno gani?