Bibi Moja Inatosha

Kama kuna mtu Garissa hajasikia ile sauti yangu inayozunguka kwenye simu, basi huyo hana simu, na mimi nimechoka kuona aibu peke yangu, kwa hivyo kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea (yule mama anayepita nyumba hadi nyumba kuuliza kama mtoto amechanjwa). Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, na Mwende, nesi wa zahanati yetu, akaita wazazi uwanja wa shule tuwafundishe kulinda meno ya watoto, maana Idd kwetu ni halwa, ni biskuti, ni keki, na watoto wanazunguka mtaa mzima wakijaza mifuko pipi mpaka jioni ni vilio vya meno. Mwende aliniomba niongee Kisomali. Kisomali tu, jamani! Kwa Kisomali pipi ni nacnac, na mambo yangeishia hapo. Lakini nikaona walimu waliotoka Nairobi na Kitui wamekaa mbele, nikajiambia leo watajua Halima amesoma, nikashika maikrofoni nikaanza Kiswahili.

Sasa mnajua ulimi wetu Wasomali, herufi p haikai. Kichwani nasikia "pipi" safi kabisa, lakini mdomoni inatoka nyingine.

"Wazazi, Idd hii bibi moja inatosha. Ikiisha hiyo, suuza mdomo na maji, utulie. Ukiongeza ya bili, hapo ndipo uharibifu unaanza."

Walimu wakainama, nikadhani wanaandika. Kina mama wa nyuma wakapiga vigelegele na kichwa kikanivimba (nani aliwahi kunipigia mimi vigelegele?), nikaendelea kwamba bibi ni tamu, hakuna anayekataa, lakini hata jirani akikukaribisha ya kwake, kataa kwa heshima. Mzee mmoja wa msikiti akaanza kuvuta tasbihi haraka haraka. Halafu nikamwona mume wangu Abdi, dalali wa ng'ombe, amesimama pale getini. Abdi huficha pipi kwenye gari ili watoto wasimmalizie, basi nikaona nimtanie kidogo.

"Na kuna baba mmoja hapa anaficha bibi, anafikiri mke wake hajui. Mimi najua iko wapi."

Vichwa vyote vikageukia getini. Abdi aligeuka akaondoka, hata bakora yake akaisahau.

Mwende akaja anafuta machozi ya kicheko, akaninong'oneza nilichokuwa nikisema muda wote ule. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatoka mbio kumtafuta Abdi nimwombe radhi kwa kumwaibisha mbele za watu, ndipo jirani yangu Sahra akanivuta pembeni, na yeye hakuwa anacheka.

"Abaayo, dada yangu, umejuaje mambo ya Diff?"

Diff ni huko mpakani, ambako Abdi huenda kununua ng'ombe. Mimi nilijua ng'ombe tu. Nikamwambia Sahra hakuna kinachonipita, nikatembea kichwa juu mpaka nyumbani, nikajifungia jikoni nikalia, na kwa vile nilikuwa nimefunga, hata chai ya kunituliza sikuwa nayo. Nilimpenda yule mtu, wallahi. Bado nampenda, mjinga yule.

Alirudi wakati wa futari. Alikaa kwenye mkeka bila kuniangalia, tende hakugusa. Akasema posa ilikuwa bado maneno tu, na sasa hata hayo maneno yamekwisha, kwani mtu alirekodi hotuba yangu ikafika Diff kabla ya alasiri, na wazee wa kule wamesema binti yao haingii nyumba ya mwanamke anayesemea mambo ya ndani kwenye maikrofoni.

"Nisamehe, Halima," akasema. "Ulijua tangu lini?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Halafu nikawatazama watoto wetu wanagombania sambusa pale pembeni, nikamsogezea sahani.

"Kula kwanza," nikamwambia.

Kushika maikrofoni kwa Kiswahili nimeapa, sirudii tena. Mwende amenifundisha kubana midomo na kupuliza, na siku hizi pipi naisema vizuri kabisa, lakini jikoni, nikiwa peke yangu. Abdi akiwa karibu, na watoto wakaja kuniomba pipi, nawaambia vilevile: bibi moja inatosha.