Misaji ya Baba na Mtandao wa Koboko

Nilipotumwa Koboko kutoka ofisi ya jiji la Arua, nilikwenda kifua mbele. Arua nilikuwa nimeunganisha ofisi, soko na zahanati kwa mtandao usio na waya, bila kusimamisha mnara hata mmoja. Minara ni ghali. Mimi nilipanda juu ya tangi la maji na juu ya kanisa, nikafunga antena, nikashuka nikisifiwa. Na Koboko ndiko nilikozaliwa, nikaona kazi itakuwa mteremko.

Ilikuwa Januari. Imamu alikubali antena moja ikae kwenye mnara wa msikiti. Ya pili niliifunga juu ya paa la kituo cha afya, pembeni mwa mji. Katikati palikuwa na shamba la misaji la baba yangu, askari mstaafu, aliyeipanda ili mbao zake zije kuezekea nyumba yangu. Nikiwa pale juu ya paa, niliuona msikiti waziwazi kupitia matawi, na antena hizi zikionana tu inatosha. Nikaandika kwenye mpango kwamba nguzo ya kuinulia antena juu ya miti haihitajiki.

Mkunga wa kituo, ambaye sote tunamwita Sista, hakutaka hotuba. Simu pale hushika kwa bahati.

"Mimi nataka kitu moja tu," alisema. "Mama akishindwa kuzaa, niite gari ya hospitali, na gari ikuje."

Nikamwahidi.

Mwezi wa tano mtandao ukaanza kukatikakatika, kisha ukazima kabisa. Sikuelewa. Nilibadilisha nyaya, nikalaumu radi, nikalaumu umeme. Nilimlaumu hata muadhini kwamba ameichezea antena, jambo ninaloona haya nalo mpaka leo. Kila nilichokipima kilikuwa kizima, nami nikazidi kuchanganyikiwa.

Siku moja nilimkuta Sista mlangoni, macho mekundu.

"Jana tumebeba mama na boda mpaka hospitali," alisema. "Yeye na mutoto iko salama, lakini ni Mungu tu. Ahadi yako iko wapi?"

Nilikwenda nyumbani, nikamwambia baba sijui nimekosea wapi. Alinitazama, akalitazama shamba lake, akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe mutoto ya hapa! Hujui tiki inatoa nguo wakati ya jua, inavaa tena mvua ikikuja?"

Niligeuka. Misaji, ambayo kwetu huitwa tiki, ilikuwa imejaa majani mapana kama sahani, na msikiti haukuonekana. Nilijionea hasira. Majani yale niliyafagia kila kiangazi cha utoto wangu, nikinung'unika, na bado sikuyakumbuka nilipokuwa juu ya paa. Rahisi ghali, wahenga walisema, na fedha za nguzo hazikuwemo kwenye mpango wangu wa rahisi.

"Kata hizi za katikati," baba akasema.

"Baba, hizi ni mbao za nyumba yangu."

"Nyumba itangoja. Mutoto ya kuzaliwa hawezi kungoja."

Tukakata, na mtandao ukarudi siku ileile. Lakini kisiki cha msaji hakifi, huchipua upya. Kwa hiyo kila mvua zinapoanza, mimi mpangaji wa mitandao hupanda basi kutoka Arua kwenda kufyeka machipukizi. Baba hanicheki tena. Nikifika, huwa ameshaninolea panga.