Kibao Shingoni mwa Mama

Mie nafundisha historia sekondari, Tegeta, na kila mwaka nikifika mada ya kuzuka kwa utaifa Ulaya, kitabu hukiweka pembeni. Vitabu vinaisimulia kama harusi: Wajerumani wakaungana, Waitalia wakaungana, vigelegele! Huwaga nawaambia wanafunzi, hebu ulizeni hao maharusi walipatikanaje. Ufaransa wanavijiji wengi hawakuijua kabisa lugha ya Paris. Basi wakapelekewa walimu. Kule Bretagne, jimbo lao la magharibi, mtoto akiteleza akasema lugha ya mama yake, anavishwa kiatu cha mbao shingoni, na hakivui mpaka amnase mwenzake. Taifa likajengwa kwa watoto kuchongeana. Baadaye wakubwa wakawapeleka vijana kuuana kwenye mahandaki kwa ajili ya taifa hilohilo. Ptuu!

Siku moja nimetoka kufundisha hayo, nafika nyumbani, namkuta mama yangu amekaa barazani anachambua mchicha. Shingoni ana kibao cha mbao kimefungwa kamba ya katani. Kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa ni mjinga, amesema Kiswahili.

"Mama! Nini hiki?"

"Si mke mwenzangu," akasema. Ndivyo anavyomwita binti yangu wa darasa la tatu, bibi na mjukuu wana utani wao. "Kanivika, eti kaninasa nasema Kiswahili. Kwani mie nimeanza lini kusema kingine?"

Binti alikuwa nyuma ya mlango, analia. Nikambembeleza mpaka akasema. Shuleni kwao, shule ya Kiingereza tuliyojitapia mtaa mzima, aliyevishwa kibao hulala nacho. Asubuhi asipotaja kamnasa nani, anachapwa mstarini mbele ya wenzake. Mwanangu akakosa wa kumnasa, akamnasa bibi yake. Wiki nzima hakuwa akimwamkia, nami nikadhani kiburi. Kumbe alikuwa anaogopa shikamoo yake isije ikasikika.

Nilisikia kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni. Wafaransa angalau walilazimisha lugha ya kwao! Sie tumeyaokota matapishi ya Ulaya, tumeyapakua kwenye sahani safi, tunawalisha watoto na kuyaita elimu bora. Mtoto wa miaka minane kageuzwa mpelelezi ndani ya nyumba yake.

Asubuhi nikataka kukikata kile kibao. Mama akanizuia mkono. "Kapewa mtu mzima, atakirudisha mtu mzima." Akajifunga kanga, akatembea nacho hadi shuleni, watu wa gengeni wakimchungulia. Mie na mwanangu tuko nyuma.

Mwalimu mkuu alikuwa mbele ya mstari. Alipomwona alibabaika. "Shikamoo, bibi! Jamani, vua hicho, unatuaibisha!"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe Kiswahili unakijua?" Mama akakivua taratibu, akamvika yeye.

Watoto wakaangua kicheko. Walimu wengine wakageukia ukutani, mabega yakiwatikisika. Mwalimu mkuu akakinyofoa, akaingia nacho ofisini.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Jumatatu kibao kilirudi, kimepakwa rangi mpya, na wa kwanza kuvishwa akawa binti yangu.

Jioni nilimwona akiingia nacho getini.

"Hukumpata wa kumpa?" nikamuuliza.

"Niliwapata wengi."

"Sasa?"

"Sitaki kumpa mtu."

"Kesho watakuchapa, mama."

"Najua."

Akanipita, kibao kikimgonga kifuani, akaenda moja kwa moja barazani. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:

"Bibi, shikamoo!"