Kericho Bado

Habari za kifo chake nilizipata redioni, katika matangazo ya vifo ya alasiri, katikati ya mzee mmoja wa Nyamira aliyeacha wake wawili na mwalimu wa Keumbu aliyeugua kwa muda mrefu. Mtangazaji alisoma jina lake lote, jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa kamili, akasema ni mwenyeji wa Masimba, akataja mkewe na binti zake na siku ya mazishi. Nilikuwa namenya ndizi. Niliendelea kumenya. Zilipoisha nikaosha kisu, nikakifuta, nikaketi kungoja huzuni ije kama inavyowajia watu wengine. Haikuja. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mgumu wa machozi. Niliwahi kulia papa hapa katika safu hii kwa ajili ya mti uliokatwa. Lakini kwa mtu huyu, aliyenitendea jambo ambalo ndugu zangu wa damu hawakuliweza, nilipata ganzi tu, na ganzi hiyo haijaniachia hadi leo ninapoandika.

Mjini Kisii tulimwita Injinia, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Alikuwa amesoma chuo cha ufundi Nairobi, akarudi na tai na soksi nyeupe, na ukimwita fundi alijifanya hakusikia. Kazi yake ilikuwa kutibu kompyuta, enzi ambazo mji mzima ulikuwa na kompyuta chache na kila iliyoharibika ilijulikana kama mgonjwa wa jirani. Hakuwa mpole wala mnyenyekevu. Alizoea kumwambia mwenye mashine, mbele ya wateja wake, kwamba anaitumia kama jembe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi mmoja ambaye juu ya duka lake familia yake iliendesha ofisi ya kupiga chapa, alimvumilia kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Humo ofisini, ngazi ya mbao juu ya mabati na misumari, ndimo nilimomfahamu.

Wakati huo nilikuwa bado mwalimu, na baba yangu alikuwa mgonjwa. Kila alipotoka kliniki hospitalini alipanda ile ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache, akaketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, akasimulia maisha yake. Alisimulia kwa Kigusii, nami nikachapa kwa Kiswahili papo hapo, bila karatasi, moja kwa moja ndani ya mashine. Nilikuwa nimekodi mashine kwa saa, kwa hiyo aliniharakisha: andika, andika, usinitazame mimi. Mara ya mwisho alisimulia miaka aliyoishi Kericho akichuma chai katika mashamba ya Wazungu, kijana aliyeoa juzi juzi na kumwacha mkewe nyumbani. Alizungumza muda mrefu kuliko siku nyingine zote na hata akacheka. Baada ya hapo hakupanda ngazi ile tena.

Alipofariki tuliamua kwamba kitabu chake cha mazishi hakitakuwa kama vingine. Mnavijua vyenyewe. Marehemu alizaliwa, akasoma hadi alipofika, akabarikiwa watoto, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Sisi tungechapisha maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasema, ili kila atakayefika pale nyumbani Nyamira ayasome. Tungemzika Jumamosi. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilipanda ngazi pamoja na shangazi yangu, dada yake baba, tuongeze majina ya wajukuu na kutoa nakala. Nikaongeza majina. Nikabonyeza herufi za kuhifadhi kazi, taa ndogo nyekundu ya mashine ikaanza kupepesa.

Hapo ndipo radi iliponguruma. Watu wa pwani na wa Nairobi hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu milimani radi si sauti tu, ni jirani mwenye hasira ambaye kila mtu ana jamaa aliyeuawa naye. Ikinguruma, kioo hufunikwa kitambaa, sufuria zinazong'aa huingizwa ndani, watoto huondolewa mlangoni, na chochote kinachotumia umeme hung'olewa ukutani bila kuomba ruhusa. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusoma. Shangazi alifanya alichofunzwa. Aliinuka, akashika waya wa mashine kwa kitambaa chake cha kichwa, akauchomoa.

"Radi inakuja na nyinyi mmekaa tu hapa na hiyo kitu inawaka!" alisema. "Mnataka tuzike wawili?"

Mvua ilipopita tuliiwasha mashine. Jina la kazi yangu lilikuwepo katika orodha, lakini kando yake, mahali panapoonyesha ukubwa, palikuwa na sifuri. Baba yangu alikuwa sifuri. Najua msomaji anataka kuuliza nakala ya akiba ilikuwa wapi, na kunikumbusha kwamba akiba haiozi. Ofisi ile haikuruhusu disketi za wateja kwa kuogopa virusi, na hata zingeruhusiwa, disketi za Kisii huota ukungu. Shangazi alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, akajifunika uso. Mimi nilinyoosha mikono kwenye kibodi nianze kuandika upya yale niliyoyakumbuka, na karani wa pale akanishika bega, akasema nisubiri, anakwenda kumtafuta Injinia kwanza.

Alifika na tai yake, akatazama skrini, akanitazama mimi. "Umeandika kitu tangu iwake?"

"Bado."

"Usiandike. Hata jina lako usiandike. Mtu yeyote asiguse."

Akanieleza huku akivua koti, kwa kiburi chake kile kile cha kawaida, kwamba maneno hayajaenda popote. Diski ina daftari lake la ndani linaloonyesha kila kipande cha kazi kimelala wapi. Ukikata umeme wakati inaandika, daftari hubaki halijui, lakini vipande hubaki vimelala pale pale. Vitu vipya ndivyo vinavyoviua, kwa sababu mashine huona mahali pale ni patupu na kuandika juu yake. "Wewe ungeanza kuandika hapa kwa huzuni yako," aliniambia, "ungemzika mzee kwa maneno yako."

Zama zile hakukuwa na picha za kubonyeza wala kipanya. Kulikuwa na skrini nyeusi na herufi nyeupe, na ulichotaka ulikiandika mwenyewe. Aliandika chkdsk, amri ya kukagua diski, peke yake, bila kuongeza alama ya mkwaju na herufi F ya kurekebisha. Nikamuuliza kwa nini harekebishi. Akasema kwanza unauliza, kurekebisha ni baadaye. Mashine ikatoa hesabu yake ya vipande vilivyopotea. Akaisoma yote, akairudia, kisha ndipo alipoongeza ule mkwaju na ile F. Mashine ikauliza kama vipande hivyo vigeuzwe kuwa faili, ndiyo au hapana. Akaondoa mikono yake kwenye kibodi na kuiweka magotini.

"Ukisema hapana, inavifuta," alisema. "Niliwahi kubonyeza hapana, huko Nairobi, nikiwa na haraka. Mitihani ya shule nzima." Halafu akabonyeza Y, polepole, kwa kidole kimoja.

Vilitoka vipande vingi, kila kimoja bila jina ila namba. Vingi havikuwa vyetu. Kulikuwa na bei za misumari, kadi ya harusi ya watu wa Birongo, ombi la kazi la mtu ambaye huenda alikwisha kuipata. Injinia alifungua kimoja kimoja, akasoma mistari miwili, akakiweka kando au akaniita. Ndipo baba yangu alipoanza kurudi, akiwa amechanganyika. Kwanza alirudi uzee wake, kisha ng'ombe aliyeibwa, kisha kuzaliwa kwangu, kisha utoto wake. Shangazi aliondoa kitambaa usoni. Tulivipanga pamoja, na kwa saa kadhaa nilisahau kwamba kesho kulikuwa na kaburi. Vilipokaribia kwisha tuliona kwamba Kericho haimo.

Injinia alianza kuitafuta. Alikuwa bado anatafuta alipogeuza uso dirishani, akaona jua limegusa kilima. Akainuka, akavaa koti. Yeye alikuwa Msabato, na Ijumaa jua likizama kazi imekwisha.

"Baba yangu anazikwa kesho," nilimwambia.

"Najua, mwalimu. Lakini Sabato inaingia."

Nilimwambia maneno ambayo mhariri wangu hatayapitisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikasema basi, mimi ni mtu wa kalamu, nilikuwepo mzee aliposimulia, nitaijaza Kericho mwenyewe. Hapo tu ndipo alipokasirika.

"Hayo yatakuwa yako. Mzee hakusema hivyo. Acha nafasi, na uiache kubwa. Jumapili nitatafuta tena."

Sijui kwa nini nilimtii. Karani alichapisha kitabu na katikati yake, baada ya ndoa na kabla ya kuzaliwa kwangu, tuliacha nusu ukurasa mweupe. Kesho yake watu wazima kadhaa walinijia wakidhani mashine ya kuchapa imekosea. Mama hakuwa msomaji mzuri. Nilimsomea kitabu chote, nasi tulipofika pale peupe aliweka kidole, akauliza hapa ni wapi. Nikamwambia ni Kericho, haikupatikana.

Mama akacheka. Wiki nzima hakuwa amefungua kinywa ila kwa uji, na sasa alicheka mpaka akashika mbavu. "Hata wakati huo hakuniandikia," alisema. "Miaka yote hiyo, hata barua moja. Mzee yule yule!" Kisha akalia, kwa mara ya kwanza, akiwa ameukumbatia ukurasa ule. Nimefikiri sana kwamba kama ningeijaza ile nafasi kwa Kiswahili changu kizuri, mama angeitikia kwa kichwa na kugeuza ukurasa.

Jumapili Injinia alitafuta kama alivyoahidi, hakuipata. Na tangu siku hiyo, kila tulipokutana mjini, hakuniuliza habari za watoto wala za kazi. Alisema, "Kericho bado," nami nikajibu, "Bado," kila mtu akaenda zake. Niliacha ualimu, nikahamia gazetini, miaka ikapita. Kompyuta nazo zimebadilika. Siku hizi ukiizima vibaya inajikagua yenyewe inapoamka, na vijana hawana hata subira ya kuingoja imalize. Wanabonyeza kuiruka waendelee na kazi. Tunatishwa kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia zote zitachanganyikiwa kwa pamoja. Mimi naogopa zaidi hii haraka yetu ya kuandika juu ya kila kitu. Mtu hajapoa kitandani tumekwisha kumwandikia kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu, na yule mtu halisi aliyekuwa amelala pale chini hatapatikana tena.

Jana binti mkubwa wa Injinia alinipigia simu ofisini. Sauti yake ilikuwa imechoka, na alizungumza kama mtu anayepunguza shughuli moja kati ya nyingi.

"Mwalimu, pole kukusumbua. Tulikuwa tunapanga vitu za Baba. Kuna diski moja ya kompyuta, ya zamani sana, amefunga na kitambaa akaandika Kericho. Sisi hatuna mtu Kericho. Mama anasema pengine wewe unajua. Tutupe ama ni ya nani?"

Nilimuuliza ilikuwa ya kazi gani. Akasema hajui. Anachojua ni kwamba baba yake aliiomba kwa Mhindi mmoja wakati ofisi yake ilipobadilisha mashine, na kwamba kila alipopata programu mpya ya kutafutia vitu vilivyopotea, aliijaribu kwenye diski hiyo kwanza kabla ya kuitumia kwa mteja. "Anafunga kwa mashine, anaangalia, anakasirika, anafungua, anaweka kabatini," alisema. "Hata mwezi uliopita, na alikuwa mgonjwa."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuacha kutafuta tangu Jumapili ile. Katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye bado alikuwa anamtafuta baba yangu, nami miaka yote hiyo nilidhani ananisalimu.

Nilimwambia binti asiitupe na asiruhusu mtu kuandika chochote juu yake. Ameniomba niandike kitabu cha mazishi cha baba yake, na nimeanza. Yale ninayoyajua nayaweka. Nisiyoyajua, na ni mengi, nayaachia nafasi nyeupe, na nimewaomba jamaa wasiijaze kwa sifa. Mahali pa huzuni yangu mwenyewe napo nimeacha nafasi, maana bado sina cha kuweka hapo, na nimejifunza kwake kwamba patupu pasipoguswa pana matumaini kuliko palipojazwa haraka. Siku ya mazishi nitakwenda Masimba na kurudi na diski hiyo. Sijui chkdsk wala lolote la ufundi wake, na huenda hakuna kilichobaki humo. Lakini mama yangu yu hai, bado huuliza habari za ukurasa ule, na sasa zamu ya kumjibu ni yangu: Kericho bado.