Mlango Uliouliza

Mama Pazia hakulipata jina hilo jukwaani. Alilipata kwenye karakana ya mapazia iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako ameketi nyuma ya cherehani ileile tangu kifungua mimba wake hajaota meno. Sasa huyo kifungua mimba ana kipara.

Kila Jumamosi mchana, mafundi wenzake wakishaondoka, mwenye karakana humwachia ufunguo. Mama Pazia husukuma meza ya kukatia hadi ukutani, hufagia nyuzi, kisha hupitisha sakafuni sumaku aliyoifunga kwenye fimbo ili pini zote zinase, maana watoto watakaa chini. Mwisho hutundika kitambaa alichokiunga kwa mabaki ya mapazia ya watu: kipande cha hoteli, kipande cha zahanati, kipande cha sebule ya maharusi waliokwisha kuachana. Hapo karakana huwa imegeuka ukumbi wa maigizo.

Alianza na wajukuu wake wawili, ambao waligombana hata kwa sababu ya kutazamana. Siku moja, kichwa kikimgonga, aliwaambia wabadilishane: mkubwa awe mdogo, mdogo awe mkubwa, halafu wagombane hivyo hivyo. Mkubwa alipokuwa akilia kwa sauti ya mdogo wake, alinyamaza ghafla. "Kumbe huwa nakufinya hivi?" akauliza. Kugombana hawakuacha, lakini kufinya kulikoma. Bibi yao akaona kuna kitu pale, akawaita na watoto wa majirani.

Kwake kuna sheria moja. Mwenzako akisahau maneno jukwaani, humnong'onezi, unamuuliza swali. Aliye karibu zaidi ndiye anayeuliza, awe nani, awe nini. "Ukimnong'oneza atasema maneno yako," huwaambia. "Ukimuuliza atatafuta ya kwake." Kwa sheria hiyo, watoto waliozoea kukatiza watu maneno wamejifunza kunyamaza na kusikiliza, kwa kuwa asiyesikiliza hajui mwenzake amekwama wapi.

Hapo ndipo alipoletwa binti wa mwokaji mikate. Nyumbani msichana huyu alizungumza na baba yake, na shangazi yake, hata na paka. Akivuka kizingiti, kimya. Shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kuisikia sauti yake, na mwalimu wa darasa alikuwa amemwambia baba kwamba asiposikika kabla ya muhula kwisha, atarudia darasa huku wenzake wakisonga mbele. Shangazi alimsumbua kaka yake mpaka akakubali kumpeleka kwa Mama Pazia.

Mama Pazia hakumuuliza jina. Alimwambia achague kitu chochote anachotaka kuwa. Msichana alitembea hadi kwenye fremu ya mlango, akasimama wima, akanyoosha mkono mmoja pembeni. Kisha akaukunja polepole, na kooni mwake kikatoka kilio kirefu cha bawaba iliyokosa mafuta. Watoto wakacheka. Naye, uso ukiwa umeelekea ukutani, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

"Haya," Mama Pazia akasema, "tumepata mlango."

Habari zilipofika kwenye kiwanda cha mikate, wafanyakazi wenzake na mwokaji walifurahi sana. Kila asubuhi walimuuliza kama mlango wake umelala salama, kama haukuliwa na mchwa. Jumamosi moja akapanda ngazi za karakana, nyusi bado zina unga.

"Mama, wenzake wafalme, wenzake madaktari. Wangu ubao?"

"Si ubao, baba. Bila yeye hakuna anayeingia."

"Mimi nilimleta aseme."

"Ulimleta acheze. Kusema atasema mwenyewe, akitaka."

Mwokaji alijibu kwamba hana muda wa kungoja mlango utake. Onyesho likiisha, mtoto haji tena. Jumamosi zake zitakuwa za mwalimu wa nyumbani. Mama Pazia hakubisha. Lakini kwake, akimenya vitunguu, alimwambia mumewe kwamba anaogopa: pengine amemjengea mtoto wa watu mahali pazuri pa kujificha. Mumewe akashauri ampe walau mstari mmoja. Akakataa. Mstari ungekuwa mtihani mwingine, na mitihani mtoto alikuwa nayo ya kutosha.

Siku ya onyesho viti vilijaa. Mchezo ulihusu msafiri anayerudi nyumbani kwa dada yake baada ya miaka mingi. Msafiri alikuwa Kifua, mtoto wa fundi redio, aliyejigamba kwamba anajua maneno yake na ya wenzake wote. Aliingia kwa mbwembwe, mzigo begani, akabisha hodi mlangoni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Dada wa mchezo alikuwa mbali, upande wa pili wa pazia. Aliyekuwa karibu ni mlango.

Nyuma ya pazia, Mama Pazia alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili. Swali moja kutoka kwake lingemwokoa Kifua, na lingeuacha mlango ukiwa ubao. Aliuma midomo. Mwokaji aliinamia viatu vyake.

"Unamtafuta nani?"

Sauti ilikuwa ndogo, yenye mikwaruzo. Kifua akageuka kama aliyemwagiwa maji.

"Dada yangu."

"Anafananaje?"

"Kama mimi. Ila yeye mzuri."

Ukumbi ukacheka. Mlango haukucheka, ulikuwa kazini.

"Mbona siku zote hukuja?"

Hilo halikuwemo kwenye mchezo. Kifua akaitazama mikono yake, akatafuta. "Niliogopa nitakuta mmefunga," akasema.

"Pangusa miguu," mlango ukamwambia, kisha mkono ukakunjika polepole kwa kilio kile kirefu cha bawaba. Msafiri akaingia.

Mwokaji hakupiga makofi. Viganja vyote viwili vilikuwa usoni, na unga wa nyusi ulikuwa umelowa machozi ukawa donge.

Shuleni, wiki iliyofuata, msichana hakujibu swali lolote. Lakini mwalimu alipokuwa akieleza kwa nini mvua hunyesha, alinyoosha mkono, kama vile alivyounyoosha kwenye fremu, akauliza mawingu yanakaa wapi siku za jua. Mwalimu aliiacha chaki ikaanguka. Habari ya kurudia darasa haikutajwa tena.

Jumamosi mwokaji mwenyewe alimleta binti yake, na mikate ya watoto wote. Kwa unyenyekevu kidogo akauliza kama safari hii mwanawe hangeweza kuwa mtu.

"Muulize yeye," Mama Pazia akasema, uzi mdomoni.

Akamuuliza. Msichana alifikiri sana, huku akiutazama ukumbi.

"Mlango tena," akasema. "Ila safari hii niwe na madirisha."