Papa Hapandishiwi Dau

Mimi ni mnunuzi. Nilikuwa mnunuzi Bukavu kabla ya vita, kwenye stoo ya hospitali ya misheni. Hapa Brussels nimestaafu baada ya miaka mingi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa kule Jette, lakini nikiulizwa kazi yangu jibu ni lile lile. Kununua ni kipaji. Unataja bei ndogo kwa sauti ya mtu asiye na haja, kisha unaangalia pembeni na kunyamaza. Iwe gunia la maharagwe, iwe dumu la mafuta, iwe mchezaji wa hoki ya barafu, kazi ni ile ile.

Lawama za hoki mpeni mwanangu. Alikwenda kufanya kazi Montréal miaka miwili, akarudi na koti zito na ugonjwa wa hoki ya barafu, akauambukiza ukoo mzima na nusu ya kanisa letu. Akaanzisha mchezo wa watu wanane. Kila mmoja wetu anajiundia timu ya wachezaji kumi na wawili, watu halisi wanaocheza huko Amerika na Kanada. Wakifunga mabao au wakizuia mikwaju kule, sisi tunapata pointi huku, na kila wiki timu moja inapambanishwa na nyingine. Pesa ya kweli haitoki mfukoni mwa mtu. Kila mwezi wa tisa tunapewa faranga mia moja za kubuni, na wachezaji wanauzwa kwa mnada. Bei uliyomnunulia mtu ndiyo mshahara wake, na mishahara ya timu nzima haiwezi kuzidi mia.

Utamu uko hapa: msimu ukiisha, unaruhusiwa kubaki na wachezaji watatu kwa mshahara ule ule wa mwanzo, hata kama sasa wamekuwa nyota. Mtu mmoja unaweza kumshika misimu mitatu tu, kisha lazima arudi mnadani. Nilipoelezwa sheria hiyo nilicheka peke yangu. Aliyeitunga alikuwa amenitungia mimi.

Niliingia kwa sababu walikuwa saba na walihitaji wa nane. "Papa, kamata tu nafasi, sisi tutakufundisha," mwanangu aliniambia. Kwetu papa ni baba, na kila mzee wa heshima. Eti wanifundishe! Katika mnada wangu wa kwanza nilimtaja kipa ambaye wote walikuwa wanamzungumzia tangu walipotoka kanisani. Nikasema "un", moja, nikaangalia dirishani. Kimya. Mwanangu, ambaye ndiye mpiga mnada wetu, akagonga meza kwa mwiko: "Une fois, deux fois, adjugé!" Mara moja, mara mbili, ameuzwa. Kipa bora kuliko wote, kwa faranga moja! Mwaka ule nikawa bingwa. Mwaka uliofuata nikamnunua mfungaji hatari kwa faranga mbili na beki mmoja kwa faranga moja, nikawa bingwa tena. Wa tatu vile vile.

Wenzangu walikuwa wanalipa ishirini, thelathini, wakitoana jasho wao kwa wao. Mimi nilitembea kifua mbele. Nikikutana na wapwa zangu pale Porte de Namur nilikuwa nawapa somo bila kuombwa. Nawaambia, ninyi vijana mna papara, mnamwonyesha muuzaji kwamba mna njaa. Wanaitikia, "Ndiyo, papa." Nilidhani ni wanafunzi wazuri.

Tena sikuwa mvivu. Nilikuwa na daftari. Nimesukuma magoti mengi sana kwenda chumba cha upasuaji, na najua goti lililopasuliwa mara mbili linavyomrudisha mtu. Kabla ya kila mnada nilikuwa nasoma habari za majeraha ya wachezaji wote, najaza daftari, napiga mstari juu ya wagonjwa. Kila asubuhi nilisoma matokeo nikinywa chai, na mke wangu alijua kwamba saa hiyo hasemeshwi mtu.

Mwaka jana mmoja wetu alihamia Liège. Nafasi yake ikachukuliwa na mke wa mwanangu.

Mkwe wangu huyu ni mzaliwa wa Lubumbashi, muuguzi hapa Woluwe-Saint-Lambert, na alikuwa na miaka miwili tu katika ukoo wetu. Sisi watu wa Kivu huwa tunawatania watu wa Lubumbashi kwamba wanaringa kana kwamba wamezaliwa na viatu miguuni. Lakini yeye sikuwa na la kumtania. Ananisalimu ameinamisha kichwa, ananipakulia kwanza, hajawahi kukaa nami kiti kimoja, na nikizungumza anasubiri nimalize. Nilimpenda kwa hilo. Niliposikia atacheza nilifurahi, nikamwahidi mwanangu kwamba sitamwumiza sana.

Mnada ulifanyika kwao, Jumapili mchana baada ya ibada. Sombe, yaani kisamvu, na samaki vilikuwa mezani, kompyuta zimebanwa katikati ya sahani. Tulikuwa wanane: mimi, mwanangu, mkewe, shemasi wa kanisa letu, na wapwa zangu wanne. Mke wangu hachezi. Alikuwa kwenye sofa na mjukuu mapajani.

Kipa wangu alikuwa amemaliza misimu yake mitatu, kwa hiyo alirudi sokoni. Mfungaji na beki nilikuwa bado nao, kwa faranga tatu wote wawili. Kwa heshima ya umri mimi ndiye hutaja wa kwanza. Nikamtaja kipa.

"Un," nikasema, nikageukia dirisha.

Mwiko ulikuwa umeshainuka. "Une fois, deux..."

"Deux," alisema mkwe wangu.

Mwanzoni nilifikiri anamsaidia mumewe kuhesabu. Lakini mwiko ulibaki hewani, na mwanangu alikuwa amemtolea macho mkewe. Nikacheka kidogo, kicheko cha ugenini. "Trois," nikasema.

"Dix." Kutoka tatu hadi kumi!

"Chérie!" mwanangu alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Njo papa huyu!"

Mkewe alikuwa anaangalia sahani yake. Lakini alisema. "Naona ni papa. Bon, papa iko mu muchezo ao haiko? Kama iko, mi nacheza naye. Kama haiko, alors tumupe kikombe tu, tukule."

Hakuna aliyetafuna. Niligeuza macho nitafute mtu wa kumkemea kwa niaba yangu. Shemasi alikuwa anamchunguza samaki wake mfupa kwa mfupa. Wapwa zangu wote wanne walikuwa wanaangalia simu, na simu zilikuwa zimezimwa. Hapo ndipo nilipowatazama upya. Nilikuwa nimekaa stoo miaka mingi, na najua sura ya watu wanaoficha kitu.

"Mwaka ule nilikamata kipa huyu kwa un," nikauliza, "nani mwingine alikuwa anamutaka? Onyesheni mikono."

Mwanangu, bado ameshika mwiko, akainua mkono. Akafuata mpwa wangu mkubwa. Halafu watatu waliobaki, mmoja mmoja. Shemasi alikuwa wa mwisho.

"Papa, na miye nilimutaka," alisema. "Nilikuwa nimemupangia quarante, arobaini nzima. Lakini nitafanya je? Nibishane na weye juu ya bei, mbele ya batoto?"

Wote sita waliokuwapo siku ile. Niliinuka nikaenda kwenye baraza la ghorofa nikafunga mlango wa kioo nyuma yangu. Chini tramu ilikuwa inapita. Siwezi kueleza vizuri aibu ile. Si kwamba walinidanganya, hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Walikuwa wananipa heshima yangu, ile ile niliyowafundisha mimi, na mimi nikaiita kipaji. Bingwa mara tatu! Nilifikiria masomo yangu ya Porte de Namur, nikatamani kuingia ndani ya koti langu nisitoke. Na chini ya aibu kulikuwa na swali lililoniuma zaidi: je, hata Bukavu, wale waliokuwa wananiuzia, walikuwa wananiuzia mimi, au walikuwa wanauzia kofia ya misheni? Je, mimi ni mnunuzi kweli?

Mke wangu alikuja na mjukuu mgongoni.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Bote tulijua. Ulikuwa na furaha sana, nani angekuambia?" Akacheka, mwanamke yule, wala hakujificha. "Ule mutoto wa Lubumbashi njo wa kwanza kukuona sawa muntu wa kucheza naye. Na anatetemeka kule ndani, anazani umemukasirikia. Rudia ndani."

Nilipiga moyo konde nikarudi. Mkwe wangu alikuwa amesimama, machozi yakimlengalenga, na maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayaona yanakuja. Sikumpa nafasi.

"Kaa," nikamwambia. "Ulisema dix. Mimi nasema quinze. Lakini kwanza sikilizeni bote. Mufungaji wangu na beki wangu, ninabarudisha. Bauzwe upya, kwa bei ya kweli. Na ule atanyamaza mbele yangu leo, asiniite papa tena. Aniite monsieur, sawa mugeni."

Mwanangu alisema sheria hainilazimishi, ningeweza kuwashika msimu mmoja zaidi. Nikamwambia agonge meza na aache maneno.

Ee bwana, kumbe watu hawa walikuwa na njaa! Walikuwa wamebana pumzi miaka mitatu, na sasa zilitoka zote kwa pamoja. Kipa alifika ishirini, shemasi akapiga kelele vingt-deux, mpwa wangu mdogo kabisa, ambaye nimembeba mgongoni, akasema vingt-cinq akinitazama usoni. Nikasema vingt-huit. Mkwe wangu akasema trente et un, thelathini na moja. Nililinganisha bei ile na daftari langu, nikaona kwamba nikienda mbele nitakosa mabeki, nikaacha. Iliniuma, lakini niliacha mahali pa kuachia. Mfungaji wangu wa faranga mbili alikwenda kwa shemasi kwa ishirini na saba, na mtu wa Mungu alipiga meza mpaka mchuzi ukamwagika.

Nilipigwa mchana kutwa. Mara mbili nilikasirika kweli, mara moja nilimtukana mpwa wangu, nikamwomba radhi baadaye. Wakati huo huo nilikuwa naona mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Shemasi hushika sikio akiwa amefika mwisho wa uwezo wake. Mwanangu hupandisha haraka anapomtaka mtu na polepole anapotaka tu kumkomoa mwenzake. Nilianza kuwataja wachezaji nisiowataka ili wamalize faranga zao. Hiyo ndiyo kazi, na miaka mitatu sikuifanya hata dakika moja.

Mwishoni akaja beki wangu wa faranga moja. Daftari lilisema magoti yote mawili mazima. Mkwe wangu alimtaka, nilimwona anavyosogeza kiti. Tulikwenda sisi wawili peke yetu, faranga moja moja, watu wote wameacha kula. Dix-huit, akasema. Dix-neuf, nikasema. Akafungua mdomo, akaufunga.

Mwiko ukagonga. Nilimgeukia.

"Umeniachia?"

"Hapana, papa." Akanizungushia kompyuta yake. Alikuwa na faranga moja moja za kujazia nafasi zilizobaki, basi. "Franka njo imeisha. Singekuachia."

Nimenunua vitu vingi maishani, na mtu huyo, niliyemlipia mara kumi na tisa ya bei yake ya zamani, ndiye ninayejivunia kuliko vyote.

Msimu ulikuwa mrefu na nilifungwa wiki nyingi. Kipa aliyekuwa wangu aliniumiza mara mbili akiwa na mkwe wangu. Lakini watu wangu kumi na wawili walisimama kwa magoti yao mpaka mwezi wa nne, hakuna aliyelala kitandani, wakati shemasi alikuwa na wagonjwa wanne. Wiki ya mwisho ilinikutanisha na mkwe wangu, mshindi akae nafasi ya nne, mshindwa ya tano. Bingwa alishapatikana, ni mpwa wangu mkubwa, na hakuna mtu mwingine aliyejali mechi yetu. Nilishinda kwa pointi mbili. Beki ndiye aliyezileta.

Nilimpigia mkwe wangu simu asubuhi ya matokeo kumpa pole. Hakupokea. Jioni hakupokea. Siku ya pili hakupokea, na nikaanza kupata wasiwasi, ndipo mwanangu akanipigia.

"Papa, ulimufanyia muke wangu nini? Tangu jana anafunga milango kwa nguvu. Hata jina lako hataki kusikia. Nimubembeleze?"

Nilikuwa nimesimama jikoni na simu sikioni. Katika misimu ile mitatu ya ubingwa hakuna mtu aliyeninunia hata saa moja.

"Mwache," nikamwambia. "Usimubembeleze. Mimi njo nilimushinda, ao hapana?"

"Ndiyo, papa. Ulimushinda."

Nikamwambia aseme tena.